Kingston FURY Beast, 8GB mbili: RAM iliyoifungua kompyuta yangu isiyo na kadi ya grafiki

Kompyuta yangu ya gemu niliiunga mwenyewe hapa Kihonda, Morogoro, kifaa kimoja kimoja kila mshahara ukitoka. Ndani ina prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, mazabodi ya MSI B550M PRO-VDH WIFI, SSD (diski) ya 500GB na pawa saplai ya wati 550. Kadi ya grafiki haina. Picha zote zinatoka kwenye prosesa, maana 5600G imebeba grafiki ya Radeon ndani yake. Kwa karibu mwaka mzima ilitembea na RAM, yaani memori ambayo kompyuta inafanyia kazi, moja tu ya 8GB, kasi 2666, niliyouziwa pamoja na mazabodi.

Nilikuwa nimeshaanza kudunduliza hela ya kadi ya grafiki, nikiamini kwamba bila kadi raha ya gemu nitaisikia kwa wenzangu tu. Mwezi Julai 2025 nikanunua seti ya RAM mbili za Kingston FURY Beast DDR4 (kizazi cha nne cha RAM za DDR), 8GB kila moja, kasi 3200, kwa shilingi 145,000. Nimeitumia kila siku tangu hapo na ninaipa alama zote. Lakini kabla ya kuifikia nilipoteza 55,000 kwenye RAM isiyofaa, na sipendi mtu mwingine aipitie njia hiyo. Kwa hiyo naanzia mwanzo.

Gemu ninazocheza ni tatu: GTA V, EA Sports FC 24 na Euro Truck Simulator 2. Kwenye GTA ukiendesha gari kwa kasi, majengo yalikuwa yanatokea kama udongo wa mfinyanzi uliolowa, madirisha na maandishi yanakuja baadaye ukiwa umeshapita. Kwenye FC 24 mechi ilikuwa inaenda, ila ukifunga goli, ile marudio inastaki sekunde nzima, halafu mpira unapoanza tena mchezaji wako yuko kwingine. Euro Truck ndiyo ilikuwa na nafuu, mpaka nilipopakia basi na ramani zilizotengenezwa na wachezaji wengine. Hapo ilikuwa inaganda kila nikiingia mjini.

Siku moja nikafungua taarifa za mfumo kwenye Windows, nikaona kumbe RAM yangu ni 8GB lakini inayotumika ni 5.9. Nyingine imekwenda wapi? Imekatwa na grafiki. Kadi ya grafiki ya kujitegemea huja na memori yake, lakini grafiki iliyo ndani ya prosesa haina memori yake hata kidogo. Inakopa kwenye RAM ya kompyuta, na mazabodi yangu ilikuwa imeitengea 2GB. Windows, gemu na kivinjari vikabaki kugombania hiyo iliyobaki. EA wenyewe, wenye gemu hiyo, kwa FC 24 wanataja 8GB kuwa kiwango cha chini na 12GB kuwa kinachopendekezwa. Mimi hata hicho cha chini sikuwa nacho.

Kuna tatizo la pili ambalo watu wengi hawalioni, na kwa kompyuta ya aina yangu ndilo kubwa zaidi. Chukulia una simtank la lita 500 juu ya nyumba na bomba moja linashuka. Ukibadilisha ukaweka la lita 1,000, maji yatakaa siku nyingi zaidi, lakini bafuni yatatoka vilevile. Ukitaka yatoke kwa nguvu, ongeza bomba. GB za RAM ndizo lita. Bomba ndiyo chaneli. Prosesa yangu ina chaneli mbili za memori, na RAM ikiwa moja inatumika chaneli moja tu, nyingine imelala. RAM moja ya 2666 inapitisha gigabaiti 21.3 kwa sekunde. Mbili za 3200 zinapitisha 51.2. Kwa kulinganisha, hata kadi ndogo kama GTX 1650 ya GDDR5 ina memori yake ya gigabaiti 128 kwa sekunde. Grafiki ya prosesa inaishi kwa kile RAM inachoipa, na mimi nilikuwa naipa chini ya nusu ya haki yake.

Hilo la chaneli nilikuwa silijui nilipokwenda Kariakoo mara ya kwanza. Nilichokuwa najua ni "ongeza GB". Duka nililoingia silitaji. Nilimwambia kijana wa kaunta kwamba nina kompyuta ya mezani, mazabodi ya B550, nataka 16GB ya DDR4. Akaingia ndani, akarudi na RAM moja ndefu ya kijani, imefungwa kwenye nailoni, akasema, "Kaka, hii ni Samsung orijino, 16 kwa 55,000, mpya ingekula zaidi ya laki." Bei ilinivutia. Nikalipa kwa lipa namba, nikarudi Morogoro.

Usiku ule niliipachika, nikawasha. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Kwenye mazabodi za MSI kuna vitaa vidogo pembeni vinavyoonyesha mashine imekwama wapi: prosesa, memori, grafiki au diski. Cha memori kikawaka na hakikuzima. Nikaitoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli kama mafundi wanavyofanya, nikairudisha. Vilevile. Nikabadilisha sloti (tundu za kupachikia RAM) zote nne. Vilevile. Nikarudisha ile ya zamani ya 2666, mashine ikawaka mara moja.

Asubuhi nikapiga simu dukani. Kijana akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, hiyo RAM ni nzima, tumeitoa kwenye mashine inawaka. Mazabodi yako ndiyo haiikubali." Kuhusu uzima wake alisema kweli. Ilikuwa RAM ya seva, yaani zile kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao. Lakini mimi nilimtajia mashine yangu kabla sijatoa hela, na yeye ndiye aliyekuwa na kitu mkononi. Kurudishiwa hela haikuwezekana. Risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kubadilishiwa pia hawakutaka. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu 55,000 kwangu ni hela ya siku nyingi za kazi, na kwa sababu najua kuna wengine wanauziwa vilevile kila wiki.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu wa Msamvu, mtu mzima, hana haraka. Nilimpelekea ile RAM akaigeuza mara mbili tu, akasema, "Mwanangu, hii ina R." Kisha akatandaza gazeti mezani, akatoa RAM tano kwenye boksi la viatu, akazipanga moja moja, akaniambia nihesabu chipu.

Ya kwanza ilikuwa na chipu 8 nyeusi upande mmoja. Hiyo ndiyo RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, na kwenye stika imeandikwa 1Rx8. Ya pili ilikuwa na chipu 4 tu, kubwa kidogo, zimeachiana nafasi. Stika yake 1Rx16. Nayo ni ya mezani na inawaka bila shida, lakini chipu za namna hiyo ndani zina makundi mawili ya kuhifadhia badala ya manne, kwa hiyo prosesa inasubiri zaidi. Akasema ukikutana nayo kwa bei sawa na ya chipu 8, chukua ya chipu 8. Ya tatu ilikuwa na chipu 9. Hiyo ya tisa ni ya kusahihisha makosa, na RAM za hivyo zinatoka kwenye kompyuta za kazi nzito za ofisini. Ya nne ilikuwa ndugu wa ile yangu: chipu 9 mbele, 9 nyuma, na katikati kuna chipu ndogo tofauti na nyingine. Hiyo ndogo ndiyo inayosimama kati ya prosesa na memori ili seva iweze kubeba RAM nyingi bila kuchoka. Prosesa za kawaida hazijatengenezwa kuongea na mtu wa kati, ndiyo maana kioo kinabaki cheusi. Ya tano ilikuwa fupi, ya laptop.

Kisha akanisomesha stika. Kwenye RAM yangu ya zamani palikuwa na maandishi PC4-2666V-UA2-11. PC4 ni DDR4. 2666 ni kasi. Ile herufi inayofuata kistari cha pili ndiyo ya kutazama kuliko zote: U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptop, R ni ya seva. Kwenye ile ya Kariakoo, mahali hapohapo, palikuwa na R. Herufi moja, imeandikwa ndogo kuliko punje ya mchele, na ingeniokolea 55,000 zangu. Hizi za seva zinapatikana kwa bei nafuu kwa sababu vituo vikubwa vya data vinapobadilisha mashine vinazitoa kwa wingi, na wenye mashine za kuzitumia ni wachache. Kwa hiyo ukiona 16GB inauzwa kwa bei ya 8GB, geuza, tafuta hiyo herufi.

Baada ya hapo nikatulia wiki mbili, nikasoma, nikapiga hesabu. Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: zitakuwa mbili, 8GB kila moja, zimefungwa pamoja kwenye boksi moja. Ningeweza kuokoa hela kwa kuongeza moja ya 8GB kando ya ile ya zamani. Inawezekana, na wengi wanafanya. Lakini RAM mbili zisizofanana zote zinashuka kwenye kasi ya ile ya chini, na wakati mwingine zinagoma kabisa ukijaribu kuzipandisha. Seti ya boksi moja imeshajaribiwa ikiwa pamoja.

Uamuzi wa pili ni kasi. AMD wameipa 5600G kiwango rasmi cha DDR4 3200. Zipo za 3600 ambazo prosesa hizi zinazikubali pia, lakini hapa lazima utazame na namba ya C, yaani mizunguko ambayo memori inasubiri kabla ya kujibu. Hesabu yake ninaifanya kwenye simu: chukua C, gawa kwa kasi, zidisha kwa 2000, unapata nanosekunde. 3200 ya C16 ni nanosekunde 10. 3600 ya C18 nayo ni 10. Kwa hiyo katika kujibu ziko sawa, 3600 inazidi kwenye upana wa njia tu. 3200 ya C22, ambayo kwenye boksi inaonekana sawa na ya C16, ni 13.75. Wauzaji wengi wanakutajia 3200 wanaishia hapo. Uliza C ngapi.

Nilichonunua kimeandikwa KF432C16BBK2/16. Ukizoea, hiyo namba inajisema yenyewe: KF ni Kingston FURY, 4 ni DDR4, 32 ni 3200, C16 umeshaijua, BB ni Beast nyeusi, K2 ni seti ya mbili, na 16 ni jumla ya GB. Nilimtumia muuzaji hiyo namba nzima kwa WhatsApp kabla ya safari, nikamwambia anipigie picha ya stika, siyo ya boksi. Duka hili la pili, maeneo ya Posta, walipiga picha dakika hiyohiyo. Nilipofika nikafungua boksi mbele yao, nikalinganisha herufi kwa herufi, wakanipa risiti ya EFD na wakaandika nyuma yake kwamba ikigoma ndani ya siku 7 wanabadilisha. Kingston wenyewe wanatoa dhamana ya maisha kwa RAM hizi. Nikapanda treni ya SGR jioni, boksi likiwa mfuko wa shati.

Zenyewe ni nyeusi, zimevaa bati la kupozea lenye michirizi, urefu milimita 34.1, kwa hiyo zinapita chini ya feni ya prosesa bila kugusa. Taa hazina. Zipo Beast zenye taa, bei inaongezeka, na taa haikuongezei fremu (picha moja moja zinazounda mwendo kwenye kioo) hata moja. Mimi kompyuta yangu iko chini ya meza.

Kupachika kwenye mazabodi ya sloti nne kuna mahali pake. Ukihesabu kuanzia upande wa prosesa, weka kwenye ya pili na ya nne. MSI wameziandika A2 na B2. Ukiziweka ya kwanza na ya pili zitakuwa kwenye chaneli moja, na hela yako yote ya RAM ya pili imepotelea hapo. Zima umeme ukutani, shika chuma cha kasha kwanza umeme wa mwilini uondoke, linganisha ile pengo ya katikati na kizuizi cha sloti, kandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka usikie "tak". Inahitaji nguvu kuliko unavyodhani. Mara ya kwanza kuwasha kioo kilikaa cheusi, roho ikanidunda kwa kumbukumbu ya ile ya seva, lakini ilikuwa mazabodi inajifunza RAM mpya. Ikawaka.

Hapa sasa wengi wanaachia njiani. RAM ya 3200 haikimbii 3200 yenyewe. Yangu iliwaka kwa 2400, ambayo ni kasi ya usalama. Lazima uingie BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijaanza), kwa MSI ni kubonyeza Delete mashine inapowaka, uwashe kitu kinachoitwa XMP, yaani mpangilio wa kasi kamili uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Kwenye mazabodi za MSI za AMD kimeandikwa A-XMP. Ni kubofya mara moja, kuhifadhi, na kuwasha upya. Voltaji inapanda kutoka 1.2 hadi 1.35, ndivyo zilivyotengenezwa. Nimeshaingia kwenye kompyuta za rafiki zangu wawili hapa Morogoro walionunua RAM za kasi, nikazikuta zimelala kwenye 2400 mwaka mzima. Kuhakikisha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya memori: utaona kasi na sloti ngapi zimetumika. Ukitumia programu ya CPU-Z itakuandikia 1600, usiogope, DDR inapiga mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo 1600 ndiyo 3200.

Nilitaka kujua ni kipi hasa kilichonisaidia, basi Jumamosi nzima nikapima kwa kile kipimo kilichomo ndani ya GTA V, mpangilio uleule, 1080p. Nikiwa na Kingston moja tu kwa 3200, wastani ulizunguka fremu 38 kwa sekunde, na gari lilipoingia mjini ulishuka mpaka picha inaruka. Nikaweka zote mbili lakini nikaziacha kwenye 2400: 54. Nikawasha XMP, zote mbili kwa 3200: 65. Tazama hatua hizo. RAM ya pili, hata ikiwa na kasi ya chini, imenipa zaidi ya kile ambacho kasi imenipa juu yake. Ndiyo sababu nasema kwa mwenye kompyuta isiyo na kadi, akili yake yote aielekeze kwenye mbili kabla ya kuuliza kasi, chapa au rangi.

Majengo sasa yanatokea yakiwa na madirisha yake. FC 24 marudio ya goli yanapita bila kukwama. Kwenye Euro Truck niliingia na basi langu mji uleule uliokuwa unaniganda, nikashusha abiria, nikatoka. Ile hela ya kadi ya grafiki nimeinunulia UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika), maana umeme ukikatika katikati ya gemu, SSD inaweza kuumia.

Kwa kompyuta yenye kadi yake ya grafiki hesabu inabadilika, na nimelijua hilo kwa mpwa wangu. Ana Dell OptiPlex 7050 ya mtumba, prosesa i5-7500, ameweka GTX 1650 fupi. Ilikuja na 8GB moja ya 2400. Januari 2026 akanipigia, "Shikamoo anko, nimeona RAM za 3600 zenye taa, nichukue?" Nikamwambia hapana, na sababu ni hizi: i5-7500 mwisho wake rasmi ni DDR4 2400, na BIOS ya OptiPlex hiyo haina XMP. Angelipia 3600 akapata 2400. Tukamtafutia kwa fundi wa Msamvu ya pili ya mtumba, SK Hynix, chipu 8, 2400T yenye U, inafanana na aliyokuwa nayo mpaka herufi ya mwisho. Kwake wastani wa fremu haukupanda sana, kwa sababu kadi ina memori yake, lakini ule mkwamo wa ghafla katikati ya mchezo umeisha. Kwa mashine kama yake, RAM ya mtumba iliyosomwa vizuri inafaa kabisa, na sioni haya kusema hivyo.

Sharti ni moja: ipimwe kabla hela haijaisha mkononi. Ninatumia programu ya MemTest86, ya bure, unaipakia kwenye flashi na kuwasha kompyuta kutoka hapo, inapita RAM yote mara nne. Kwa 16GB iliniachia kazi ya usiku mzima. Ile ya kwanza tuliyopewa ilitoa mistari myekundu kwenye mzunguko wa pili. Windows ilikuwa inawaka vizuri tu, usingejua. Ungekuja kuona gemu inajifunga yenyewe na ungelaumu gemu. Fundi alipoona picha hakubishana, akatoa nyingine, tukapima, ikapita safi. Kosa moja tu kwenye MemTest linatosha kuirudisha.

Bei ndiyo iliyonishtua. Julai fundi huyohuyo aliniambia 8GB ya mtumba ni 35,000. Januari tukalipa 80,000. Alinieleza vizuri kuliko nilivyotegemea: viwanda vinavyotengeneza chipu za memori kwa wingi duniani ni Samsung, SK Hynix na Micron, na vyote vimegeuza nguvu kwenye memori za mashine za akili bandia, wateja wanaolipa zaidi. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na chapa yake ya Crucial, ile ya watu wa kawaida kama sisi. DDR4 nayo ni ya zamani, inazidi kupunguzwa. Kwa hiyo kama una sloti tupu na una hela, usisubiri ukidhani itashuka mwezi ujao.

Wanaoniuliza 32GB: kwa gemu zangu hizi, 16 zinatosha na zinabaki. Microsoft Flight Simulator 2024 inapendekeza 32, na anayehariri video atazihitaji. Mwenye mashine mpya ya DDR5 asihangaike na haya ya DDR4, haziingiliani, pengo la katikati limewekwa mahali tofauti ingawa meno ni 288 kote. Mwenye laptop aangalie kwanza kama RAM yake inatoka au imechomelewa kwenye bodi.

Ile 16GB ya seva bado ninayo, imefungwa kwenye nailoni yake. Ni nzima, fundi aliipima kwenye HP Z440, kompyuta ya kazi nzito ya mteja wake, ikawaka mara moja. Mwenye mashine ya namna hiyo hapa Morogoro na anayetaka kuongeza memori aniambie. Nitampa kwa 40,000, na ataipima kabla ya kulipa.